Mzigo Umekwama, Umezuiwa au Umeshikiliwa?

Safari hii zamu ya ukurasa wa msamiati imetuangukia sisi watatu. Tumechagua maneno ya Kiingereza yanayotaja vitu vinavyozuia. Hatukuyatafuta maktabani, tumeyakuta Pazhou.

Kwa asiyeijua, Pazhou ni kisiwa katika Mto Zhujiang, ndani ya jiji la Guangzhou. Hapo ndipo yanapofanyika Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka: Aprili kuingia Mei, na Oktoba kuingia Novemba. Tangu 2008 maonyesho yote yamehamia kisiwani. Unashuka kwenye treni ya chini kwa chini, njia namba 8, kituo cha Xingangdong au cha Pazhou, halafu unatembea. Mtu aliyezoea Sabasaba ya Barabara ya Kilwa avae viatu vya raba, maana hapa kumbi zinafuatana mpaka unasahau uliingilia mlango gani. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh, Kampala na Bukavu wanaijua njia hii kuliko sisi.

Chama chetu hupeleka wanafunzi kuwasaidia wageni hao ukalimani. Kiswahili chetu sisi watatu tulikikuta nyumbani: mmoja kwa mama wa Tanga, mmoja kwa baba wa Mombasa, na mmoja kwa bibi wa Bukavu ambaye hamalizi sentensi bila kuchovya Kifaransa. Kiswahili cha namna hiyo kina utamu wake na kina mipaka yake. Kinajua kugombeza, kubembeleza na kupika. Hakijawahi kusaini mkataba wa kontena. Na mkataba wa kontena, ukiusoma vizuri, ni orodha ya mambo yanayoweza kukuzuia.

Kwanza ni vizuizi vyenyewe kama bidhaa. Katika kumbi za mashine na vifaa vya ujenzi kuna mageti ya kuinuka ya maegesho, matuta ya mpira ya kupunguza mwendo wa magari, nguzo fupi za kuzuia gari lisipande barabara ya waenda kwa miguu, koki za kuzuia maji yasirudi yalikotoka, vizibo, makufuli, breki. Kila kimoja kina jina lake la Kiingereza, na wauzaji wengi wanalijua jina hilo tu, bila sentensi ya kulizunguka. Mjomba mmoja wa Mwanza alitaka mashine ya kufyatulia tofali. Muuzaji akasema “block machine”. Mjomba akatugeukia: “Mwanangu, mbona anasema mashine imezuiwa?” Alikuwa anamfikiria binti yake, ambaye kila wakigombana humfungia kwenye WhatsApp na kuiita hiyo “kublock”. Neno ni moja: gogo au jiwe kubwa. Ukilijengea ni tofali, ukililaza njiani ni kizuizi.

Hapo ndipo tulipoanza kuandika orodha. Kiingereza kina “barrier”, “obstacle”, “hurdle”, “hindrance”, “block”, “bar”, “hold”, “snag”, “hitch”, “bottleneck”, “embargo”, “deadlock”, “drawback”. Mwenzetu mmoja darasani aliwahi kusema kwamba Kiswahili hakina utajiri huo, kwamba sisi tuna neno moja tu. Tukamwuliza ni lipi. Akasema: changamoto.

Tutasema wazi bila kuuma maneno: changamoto imekula wenzake. Katika matumizi yake mazuri ni jambo gumu linalokuamsha ujitahidi. Sasa hivi mashine ikiungua ina changamoto, daraja likibomoka kuna changamoto, mtu asipolipa deni ana changamoto. Viongozi wanaipenda kwa sababu haina mwenyewe. Ukisema “tatizo”, watu watauliza nani kalisababisha. Ukisema “changamoto”, wote wanaitikia kwa kichwa na kikao kinaendelea. Mkalimani anayepewa sentensi “mzigo wa mwezi wa pili ulipata changamoto” akaitafsiri kama ilivyo, muuzaji wa Kichina anasikia habari ya mtu aliyekutana na jambo la kusisimua. Hasikii kwamba kontena lilikaa bandarini wiki tatu na kila siku likitozwa.

Na si kweli kwamba hatuna maneno. Tunayo, ila yametawanyika kwa namna tofauti na ya Kiingereza. Mengi yanatoka kwenye vitenzi, na kila kitenzi kina picha yake mwilini. Kikwazo kinatoka kwa kukwaa: ni kitu cha mguuni, unakipiga kidole ukiwa njiani. Pingamizi inatoka kwa kupinga: kitu kimelazwa kukatiza njia. Kizuizi kinatoka kwa kuzuia, na hapo kuna mkono uliokushika. Kizibo kinahitaji tundu. Kinga inasimama mbele ya kitu kinachokuja, na mara nyingi inasimama kwa faida yako. Kizingiti ni sehemu ya mlango, cha chini unachovuka na cha juu kinachokugonga paji la uso kama wewe ni mrefu. Kigingi ni mti uliochimbiwa ardhini. Kiunzi, kwa watu wa riadha, ndicho kinachorukwa katika mbio za kuruka viunzi, na hiyo ndiyo “hurdle” yenyewe kabisa. Kwa Kiingereza pia ilianza kama kipande cha ua wa fito zilizosukwa, cha kufungia kondoo, kabla mtu hajapata wazo la kukiruka.

Taasisi nazo zimegawana maneno haya bila kugombana. Mahakamani wakili huweka pingamizi la awali, na mahakama hutoa zuio. Wakati wa uchaguzi Tanzania, mgombea huwekewa pingamizi. Nchi huwekewa vikwazo vya kiuchumi, kama Burundi ilivyowekewa na majirani zake baada ya mapinduzi ya Julai 1996, vikaja kusimamishwa Januari 1999. Mtu huwekwa kizuizini, na Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Jaribu kuyabadilisha nafasi. Ukisema nchi imewekwa kizuizini, au mgombea amewekewa kizibo, kila mzungumzaji atacheka. Lugha yenye neno moja haichekeshi kwa namna hiyo.

Neno lililotupa furaha kubwa ni “bar”. Wenyewe wa Kiingereza walianza na gogo linalolazwa nyuma ya mlango usifunguliwe. Kutoka hapo wakapata “barrier”. Wakapata uzio mdogo wa mahakamani, na mawakili hadi leo wanaitwa kwa jina la uzio huo. Wakapata kaunta ya kuuzia vinywaji, ambayo sisi tumeichukua ikawa baa, ikakaa jirani na baa nyingine ya kwetu yenye maana ya balaa. Hatusemi zaidi. Sasa angalia upande wetu: pingo, au kipingo, ni mti wa kukomea mlango, na mti huo ni wa ukoo mmoja na pinga na pingamizi. Lugha mbili zisizojuana zilisimama nyuma ya mlango mmoja, zikalaza gogo, na kila moja ikatoa kwenye gogo hilo neno la kisheria.

Lakini “bar” ina kisa chake hapa hapa Pazhou. Kabla ya kumbi za vioo, upande wa mashariki wa kisiwa palikuwa na bandari ya Huangpu, ambayo Waingereza waliiandika Whampoa. Kijiji cha kale cha Huangpu bado kipo na unaweza kwenda kula huko. Kuanzia 1757, mfalme Qianlong alipoamuru biashara ya meli za Ulaya ifanyike Canton peke yake, meli hizo kubwa zilitia nanga Huangpu na bidhaa zikapelekwa mjini kwa mashua. Kabla ya kufika hapo zilipaswa kuvuka mafungu mawili ya mchanga mtoni, ambayo mabaharia waliyaita “First Bar” na “Second Bar”. Meli iliyosheheni ilingoja maji yajae, rubani wa Kichina akaipitisha taratibu. Mnara wa Pazhou, uliokamilika mwaka 1600, ulikuwa alama ya kuwaonyesha kwamba wamekaribia.

Baharia wa Pwani yetu asingehitaji mkalimani hapo. Angesema fungu. Nje ya Dar es Salaam kuna Fungu Yasini, na mwambao mzima una mafungu na vipwa vinavyochomoza maji yakitoka. Fungu halina nia mbaya. Linaonekana, linajificha, nawe unajifunza saa zake. Kiingereza kiliweka fungu la mchanga na gogo la mlangoni katika neno moja. Kiswahili kimevitenga, kimoja ni cha bahari na kingine ni cha mtu.

Cha mtu nacho kilikuwepo Huangpu. Wageni walikatazwa kukaa Canton msimu wa biashara ukiisha, walikatazwa kuwaleta wake zao, na Mchina aliyewafundisha lugha yake alijiweka hatarini. Mwaka 1759 Mwingereza James Flint, aliyekuwa anajua Kichina, alisafiri kwenda kaskazini kupeleka malalamiko kwa mfalme. Yeye alifungwa miaka mitatu Macao. Liu Yabian, aliyemsaidia kuandika barua ile kwa Kichina, aliuawa. Sisi tunaojitolea ukalimani kwa malipo ya chakula cha mchana na beji ya plastiki tulisoma habari hiyo mara mbili. Robert Morrison alipofika mwaka 1807 katazo lilikuwa bado lipo, akajifunza hivyo hivyo, na kuanzia 1815 akaanza kuchapisha kamusi yake.

Meli iliyomaliza kupakia haikuweza kuondoka bila hati yenye mhuri, ambayo katika Kiingereza cha biashara cha bandari ile iliitwa “grand chop”. “Chop” hiyo ilitoka India, kwenye neno la Kihindi la kupiga muhuri, na neno hilo hilo lilivuka bahari upande wetu likawa chapa. Hadi leo makampuni ya China, yakiandika kwa Kiingereza, huita mhuri wao “company chop”. Kwa hiyo muuzaji wa Pazhou akikuambia mkataba unangoja “chop”, mfikirie ndugu wa chapa, usitafute shoka. Wenzetu wanaosoma isimu historia, hii tunawaachia.

Turudi kwenye makontena. Tofauti iliyowagusa wageni wetu zaidi ni kati ya maneno matatu ambayo wakala wa usafirishaji huyaandika kwa ujumbe mfupi: “stuck”, “held”, “delayed”. Kwa Kiswahili cha haraka yote matatu huwa “mzigo umekwama”. Kukwama ni kitenzi chenye adabu, hakimtaji mtu. Mfupa umekwama kooni, gari limekwama kwenye tope. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez tarehe 23 Machi 2021 mpaka tarehe 29, neno hilo lilistahili, maana ilikuwa mchangani kweli. Bandari ya Yantian, jirani hapa Shenzhen, ilipopunguza kazi kwa sababu ya korona mwishoni mwa Mei 2021, kilichotokea ni msongamano, na mizigo ilichelewa. Lakini “held” si kukwama. Ni kushikiliwa. Yupo aliyeshika: forodha, kampuni ya meli inayodai, au kiwanda kinachosubiri asilimia 70 iliyobaki. Swali la mzigo uliokwama ni “wapi?”, swali la mzigo ulioshikiliwa ni “na nani, na anataka nini?” Ukitafsiri vibaya, mtu anakaa hotelini Xiaobei akiomba dua, wakati alichotakiwa kufanya ni kutuma karatasi moja.

Mama mmoja wa Kariakoo tuliyeongozana naye alitaka redio za upepo za walinzi, zile za mkononi. Tulipomwamkia asubuhi aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye simu. Wakala alikuwa amemwandikia kwamba bidhaa ni “restricted”, na ndugu yake aliyeko Dar alikuwa amempa tafsiri moja: marufuku. Akawa ameshaamua kuacha.

“Mama, hilo siyo marufuku,” tukamwambia. “Marufuku wangeandika ‘prohibited’.”

“Sasa kuna tofauti gani, wanangu? Si yote wananizuia?”

Tofauti ipo, na imeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina Jedwali la Pili lenye sehemu mbili. Sehemu A ni bidhaa zilizokatazwa: haziingii, hata uwe na barua ya nani. Humo kuna matairi yaliyotumika ya magari madogo, na sabuni na vipodozi vyenye zebaki, jambo ambalo wauza mkorogo wanalijua. Sehemu B ni bidhaa zenye masharti: zinaingia ukiwa na kibali. Humo kuna silaha, na mitego ya kunasia wanyamapori, na hata mashine za kupigia chapa za posta. Nje ya jedwali hilo kila nchi ina mamlaka zake, na kwa redio za mawasiliano Tanzania unayemwendea ni TCRA. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Kumbe kuna mlango, ila una bawabu.” Tumeiandika. Hatujaona tafsiri nzuri zaidi ya “restricted” katika kamusi yoyote tuliyo nayo.

Marufuku halisi tunazo pia, na wageni wanazikumbuka kwa tarehe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: Kenya, 28 Agosti 2017, Tanzania bara, 1 Juni 2019. Pazhou bado utaipata kwa bei ya kutupa, na muuzaji atakuambia “no problem”, naye hadanganyi, maana kwake haina tatizo. Halafu kuna yale yanayovaa nguo za marufuku kwa siku chache: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na kabla wiki haijaisha ikayaruhusu kwa masharti. Lugha ya jumuiya huviita vitu vya namna hiyo “vikwazo visivyo vya kiforodha”. Hapo ndipo neno kikwazo lilipopanda cheo, kutoka kidole cha mguu hadi meza ya mawaziri.

Tumalize upesi na “drawback”, maana inachanganya hata walimu. Mtaani ni kasoro: simu nzuri, “drawback” yake betri. Lakini kwenye fomu za forodha ni fedha unazorudishiwa, ushuru uliolipia malighafi ambayo baadaye umeisafirisha nje ikiwa bidhaa. Mgeni mmoja alikuwa amekata mstari mwekundu juu yake akidhani ni adhabu. Andika rejesho la ushuru na umwache atabasamu.

Mwenzetu wa Bukavu anasisitiza tusiisahau Kongo, na ana haki. Kule hawasemi kizuizi wala geti. Wanasema bariyeri, kutoka Kifaransa. Na kati ya Goma na Rubavu kuna vivuko viwili vya mpaka vinavyoitwa Petite Barrière na Grande Barrière. Kwa tafsiri ni Kizuizi Kidogo na Kizuizi Kikubwa, lakini Kizuizi Kidogo ndicho kinachopitisha maelfu ya watu kwa miguu kila siku, akina mama wa mboga na unga wakiwa wengi wao. Bibi yake akisema “nimefika bariyeri” ana maana amefika pa kupita. Wachina wana jambo linalofanana. Forodha kwao ni “hǎiguān”. “Hǎi” ni bahari, na “guān” ni kufunga, lakini ni lango la mpakani pia, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika “guānxi”, yaani kujuana na watu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua bila kujua kwamba anaijua, ndani ya “méi guānxi”: haidhuru.

Orodha yetu tumeiandika kwenye karatasi ya A4, safu tatu: Kiingereza, Kichina, Kiswahili, na tutaipeleka tena Pazhou Oktoba. “Deadlock” tumeipa mkwamo. “Embargo” ni vikwazo, daima kwa wingi. “Snag”, ambayo asili yake ni kisiki kilichojificha majini, tumeiandika kisiki na tuko tayari kuitetea. Safu ya “bottleneck” iko wazi. “Shingo ya chupa” tumeikataa kwa kura mbili dhidi ya moja, kwa sababu fundi yeyote wa Gerezani akiisikia atauliza chupa iko wapi. Baba wa Mombasa, kwa simu, alipendekeza tuseme tu “pale pembamba”. Mwenye neno bora atuletee kabla ya mwisho wa Septemba. Karatasi iko ubaoni, chumba cha chama, na kalamu imefungwa kwa uzi isiondoke.